Duka Linalomjua Mlaji Wake

Mjomba wangu, mkulima wa ufuta kutoka Ruangwa, mkoani Lindi kusini mwa Tanzania, aliyekuja kututembelea Chicago kwa miezi miwili, alikuwa na lalamiko moja tu kuhusu Marekani, nalo ni kwamba samaki wa huku hawana vichwa. Katika duka tunalonunulia mahitaji ya nyumbani, samaki huja akiwa minofu myeupe iliyolazwa juu ya barafu, haina ngozi wala mwiba, na Mjomba, ambaye maisha yake yote amenunua samaki kwa kumwangalia macho na kumfunua mashavu, alisema hawezi kutoa fedha kwa kitu kisichomtazama. Basi Jumamosi moja alasiri nikampakia garini tukaenda Arlington Heights, kitongoji kilicho kaskazini-magharibi mwa jiji, ambako ipo supamaketi ya Kijapani iitwayo Mitsuwa, yenye ukumbi wa vibanda vya chakula ndani ya jengo hilohilo. Tulikusudia kukaa nusu saa. Tulikaa saa tatu unusu, na tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza duka la chakula lilipata wapi uwezo wa kumnyamazisha mtu ambaye kwenye mkutano wa chama cha msingi cha ushirika wa wakulima hajapata kunyamazishwa na ofisa ushirika yeyote.

Samaki walikuwapo, na vichwa vyao. Vibua wazima walipangwa kwa mstari, mgongo wa buluu juu na tumbo la fedha chini. Ngisi walikuwa na ngozi yao ya madoa. Mikono ya pweza aliyekwisha kuchemshwa ilikuwa imejikunja na kuiva rangi ya zambarau. Jodari alikuwa amekatwa vipande vya mstatili, na kila pakiti imeandikwa kama nyama hiyo ni ya kuliwa mbichi au ya kupikwa. Mjomba alitaka kufunua mashavu, vidole vikagonga karatasi ya nailoni. Akainama, akamtazama kibua mmoja macho kwa macho kwa muda ambao ulianza kunitia aibu, kisha akasema, "Mpwa wangu, huyu mtu anajua samaki." Nikamuuliza ni mtu gani. "Huyu aliyempanga," akajibu.

Nadhani aligusa jambo ambalo wengi wetu hulipita tunapozungumzia chakula cha Kijapani, ambacho kwa kawaida husifiwa kwa usafi, kwa afya au kwa urembo wa vyombo. Ninachokiona mimi ni kwamba karibu kila kitu katika duka lile kilitengenezwa na mtu aliyekuwa akimwona mlaji wake kichwani, akijua atakishika kwa mkono gani, atakila saa ngapi, na ni kitu gani kidogo kitakachomkera.

Chukua tonge la wali la pembetatu, ambalo Wajapani huliita onigiri. Ni wali tu, wenye kipande cha samaki au tunda la kuchachuka katikati, uliozungushiwa karatasi nyeusi ya mwani uliokaushwa. Tatizo lake ni dogo mno hata kulitaja unaona haya: mwani ukigusana na wali tangu asubuhi, ifikapo adhuhuri umelowa na kuwa kama kitambaa cha maji, ilhali raha yote ya tonge lile iko katika kuusikia mwani ukivunjika menoni. Kwa hiyo mwani umefungwa katikati ya tabaka mbili za nailoni nyembamba, usigusane na wali hata kidogo, na nailoni yenyewe imechapwa namba tatu. Unavuta utepe wenye namba 1 kutoka ncha ya juu, ukizungusha hadi nyuma, na kifuniko kinagawanyika vipande viwili. Unavuta pembe yenye namba 2 upande mmoja, kisha pembe yenye namba 3 upande wa pili, na nailoni inachomoka huku mwani ukiulalia wali kwa mara ya kwanza mbele ya macho yako. Mara ya kwanza nilipojaribu, miaka mingi iliyopita, nilianza na namba 3, nikabaki na wali mkono mmoja na vipande vya mwani mkono mwingine. Maduka madogo ya Japani yalianza kuuza matonge yenye kifuniko kinachoutenga mwani na wali mwishoni mwa miaka ya 1970, na kilichonishangaza siku zote ni kwamba watu wazima, wahandisi, walikaa mezani kulijadili tatizo la mwani kulowa kati ya asubuhi na mchana, wakaliona ni kubwa vya kutosha kulipatia mashine.

Hata hivyo itakuwa ni uvivu wa fikra kusema kwamba Wajapani ndivyo walivyo na tuishie hapo. Duka kama lile halikuota Illinois kwa sababu ya tabia ya watu. Lina historia yake, na historia hiyo haifanani na ya maduka mengi ya wageni nchini Marekani.

Wahamiaji wa Kijapani walifika Hawaii na California tangu karne ya 19 wakiwa vibarua wa mashamba, na mwaka 1942 serikali ya Marekani iliwakusanya watu takribani 120,000 wenye asili ya Japani na kuwafungia kambini. Walipoachiliwa, wapatao 20,000 walikuja kuanza upya Chicago, ambako walifungua maduka madogo, migahawa na makanisa na mahekalu yao mjini. Watu hao walikuwa na kila sababu ya kutokuonekana. Supamaketi ya Arlington Heights ilijengwa kwa ajili ya watu wengine kabisa, waliokuja baada ya miaka arobaini wakiwa na barua ya uhamisho kutoka kazini.

Mnamo Septemba 1985 mataifa matano makubwa kiuchumi yalikutana katika hoteli ya Plaza mjini New York na kukubaliana kuishusha thamani ya dola. Dola moja iliyokuwa ikinunua takribani yeni 240 ilikuwa imeshuka hadi karibu yeni 150 kufikia mwanzoni mwa 1987. Kwa kiwanda cha Japani kilichozoea kuuza magari na mashine Marekani, hesabu ilibadilika ghafla, ikawa nafuu kujenga kiwanda palepale penye wateja. Mwaka 1988 kiwanda cha magari kilichoanzishwa na Mitsubishi pamoja na Chrysler kilianza kazi katika mji wa Normal, Illinois, na vitongoji vya kaskazini-magharibi mwa Chicago vikajaa ofisi za kampuni za Kijapani. Pamoja na ofisi walikuja mameneja na wahandisi, na pamoja nao wake zao na watoto, kwa miaka mitatu, minne au mitano, kisha warudi nyumbani. Mtoto aliyetolewa shule ya Nagoya akiwa darasa la tatu alipaswa kurudi darasa la saba akiwa hajapoteza lugha wala hesabu. Ndiyo maana iko shule ya Kijapani katika kitongoji hichohicho cha Arlington Heights, na ndiyo maana kulihitajika duka ambamo mama angepata dengu zilezile, sosi ileile na mchele uleule, bila kuambiwa kwamba hiki kinafanana na kile.

Aliyeyaona mahitaji hayo alikuwa Kazuo Wada, mtoto wa wauza mboga wa Atami, mji wa chemchemi za maji moto katika mkoa wa Shizuoka. Kutoka katika duka la wazazi wake alijenga kampuni iliyoitwa Yaohan, akafungua Brazili, Singapuri, kisha Fresno huko California mwaka 1979, na hatimaye Arlington Heights mwaka 1991. Wada alitanuka kupita kiasi. Alihamishia makao yake Hong Kong, akajenga duka kubwa mno mjini Shanghai, na mwaka 1997 kampuni ikafilisika. Maduka ya Marekani yakabadilishwa jina mwaka uliofuata na kuwa Mitsuwa. Kile kiwanda cha Normal nacho Mitsubishi walikifunga mwaka 2015, na leo kampuni ya Rivian hutengenezea humo magari ya umeme. Sababu zilizolizaa duka zimepungua moja baada ya nyingine, lakini duka lipo, na Jumamosi ile maegesho yalikuwa yamejaa hadi tukazunguka mara mbili.

Ni akina nani wanaolijaza? Kwa macho yangu Wajapani walikuwa wachache. Niliona familia za Kikorea, za Kifilipino na za Kichina, vijana wa Kizungu waliovaa fulana zenye katuni, bibi mmoja wa Kimeksiko aliyekuwa akichagua viazi vitamu kwa ukali uleule ambao Mjomba alichagulia samaki. Hawa wote wanaingia katika duka ambalo halikujengwa kwa ajili yao na ambalo kwa kiasi kikubwa halijajisumbua kujirekebisha ili wajisikie nyumbani. Mbao za rafu zina Kijapani kwanza na Kiingereza baadaye. Pakiti ni zilezile za Tokyo na Osaka, isipokuwa nyuma yake imebandikwa karatasi ndogo nyeupe ya Kiingereza, wakati mwingine upande, yenye viambato na hesabu za lishe ambazo sheria ya Marekani inazitaka. Karatasi hiyo nyeupe ndiyo adabu pekee ambayo duka limemfanyia mgeni, na naamini mgeni hurudi kwa sababu hiyo hasa. Anajua kwamba anachokila hakikuchujwa ili kilingane na ulimi wake.

Maduka yetu huku ughaibuni ni habari nyingine. Liko duka moja la Kiafrika ninaloendea, nami nalipenda, kwa hiyo sitalitaja. Unga wa ugali hukaa jirani na fufu ya Ghana, kisamvu kilichogandishwa hulala chini ya samaki mkavu wa Nigeria, na juu ya kaunta kuna nywele za kusuka na mashine ya kutuma fedha. Mwenye duka huwahudumia Wakongo, Watanzania, Wakenya, Walaiberia na Wakameruni kwa pamoja, kwa kuwa hakuna kundi moja kati ya hayo lenye watu na fedha za kutosha kulisimamisha duka peke yake katika mtaa mmoja. Hakuna mwajiri aliyetuhamisha kwa maelfu, akatulipia nyumba katika kitongoji kimoja na kutuahidi tiketi ya kurudi. Kila ninaposikia mtu akiuliza kwa kejeli kwa nini Waafrika hawawezi kuwa na supamaketi kama ya Wajapani, natamani kumwonyesha hesabu za mwaka 1985. Duka lile la Kiafrika haliwezi kumjua mlaji wake mmoja kwa sababu analazimika kuwa watano.

Njaa ilitufikisha kwenye ukumbi wa chakula. Pale vibanda vimepangwa kwa mstari, na mbele ya kila kimoja kuna kabati la kioo lenye vyakula vya plastiki: mabakuli ya tambi, kamba waliokaangwa, wali uliofunikwa nyama, vyote vikiwa na ukubwa na rangi ya chakula halisi hadi kwenye matone ya mafuta yanayoelea juu ya supu. Sanaa hii ina mji wake, Gujo Hachiman katika mkoa wa Gifu, alikozaliwa Takizo Iwasaki, ambaye mwaka 1932 alianzisha kampuni ya kutengeneza vyakula vya nta mjini Osaka. Nta ilipotiwa kando, plastiki ikachukua nafasi yake. Wazo lenyewe ni la heshima kwa mlaji: aone kabla ya kulipa, asidanganywe na maneno. Mjomba, ambaye hasomi Kiingereza wala Kijapani, kwa mara ya kwanza tangu afike Marekani alikuwa sawa na mtu yeyote mbele ya orodha ya vyakula. Alitembea kutoka kabati hadi kabati, mikono nyuma, kama mkaguzi.

Foleni ndefu kuliko zote ilikuwa ya Santouka, wauza tambi za rameni ambao asili yao ni mji wa Asahikawa kisiwani Hokkaido, walikoanza mwaka 1988. Mfano wa bakuli lao ulimvutia: supu nyeupe kama tui, vipande vya nyama vya mviringo, na katikati kijitunda chekundu cha kuchachuka kama jicho. Akaniuliza nyama gani. Nikamwambia ni nguruwe, na kwamba hata supu yenyewe, ingawa inaonekana kama tui, ni mifupa ya nguruwe iliyochemshwa kwa saa nyingi hadi ikawa vile. Mjomba alirudi nyuma hatua moja. Kisha akalitazama tena lile kabati zima, safari hii kwa mashaka, kwa sababu alikwisha kuelewa kwamba kile kioo kilichokuwa kikimwonyesha kila kitu hakikuwa kinamwonyesha jambo moja alilohitaji kulijua.

Hapa ndipo hoja yangu inapokutana na mpaka wake. Duka linalomjua mlaji wake vizuri hivyo humjua mlaji fulani, na mzee wa Kiislamu kutoka Ruangwa hakuwamo katika fikra za aliyelipanga. Nguruwe katika upishi wa Kijapani wa leo hujificha pasipotarajiwa, kwenye supu, kwenye mafuta ya kukaangia, kwenye andazi la kupikwa kwa mvuke. Mvinyo wa mchele hutumika jikoni kama sisi tunavyotumia ndimu, na hata sosi ya soya ya kawaida hupata kileo kidogo kutokana na kuchachuka kwake. Hakuna lililofichwa kwa nia mbaya. Ni kwamba swali halikuulizwa.

Nikamuuliza binti wa kaunta katika kibanda kinachouza samaki wa kuchoma. Alikuwa mwungwana, akaingia ndani na kurudi na karatasi iliyowekewa nailoni, yenye jedwali la vyakula vyao na alama mbele ya kila kiambato kinachoweza kuwadhuru watu wenye mzio. Vilikuwa tisa: maziwa, mayai, samaki, jamii ya kamba, njugu za mitini kama korosho na lozi, karanga, ngano, soya na ufuta. Ufuta uliingizwa kwa sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2023. Nguruwe hayumo, kwa kuwa nguruwe hamwashi mtu ngozi. Nilipomfasiria Mjomba, alishika ile karatasi kwa mikono miwili. "Yaani ufuta wangu ni hatari," akasema polepole, "na nguruwe ni shwari?"

Binti, ambaye hakuelewa neno lakini alielewa uso, akamwita mpishi. Mzee mmoja wa Kijapani akatoka akijifuta mikono kwenye aproni, akanyoosha kidole kwenye mfano wa samaki kabatini, kisha akahesabu kwa vidole: samaki, chumvi, moto. Basi. Akataja jina lake kwa sauti ili tusikosee tutakapoitwa: saba. Ndivyo Wajapani wanavyomwita samaki wa jamii ya vibua. Namba yetu ilipoitwa nikaleta sinia, lenye nusu ya samaki aliyechomwa hadi ngozi ikatoa mapovu, bakuli la wali, kachumbari kidogo na kifungu cha figili iliyokunwa. Mjomba alitazama sinia, akanitazama mimi. "Amesema saba," akaniambia. "Hapa hata mmoja hajatimia." Sosi ya soya akaisukuma pembeni, akakamua kipande cha limau, akakunja mkono wa shati na kuacha vijiti vikiwa kwenye karatasi yake. Alikula hadi mifupa ikabaki mieupe kama kitana. Wali wa huku, alisema, unajua kushikana.

Baada ya chakula tulirudi kwenye rafu kutafuta chumvi, tukakutana na ufuta. Ulikuwa na rafu yake. Mweupe na mweusi, uliokaangwa mzima, uliosagwa nusu, uliosagwa ukawa kama siagi ya karanga, mafuta ya rangi ya dhahabu na mafuta ya rangi ya kahawia iliyokolea, na sosi za kumwagia mboga ambazo kiambato chake kikuu ni huohuo ufuta. Wajapani huunyunyizia karibu kila kitu, lakini wao wenyewe hawaulimi kwa kiasi cha kutajika; karibu wote wanaoutumia hununua nje, na Tanzania ni mojawapo ya nchi zinazowauzia. Hapa Mjomba hakuhitaji mfasiri. Alichukua pakiti moja ya ufuta mweupe uliokaangwa, akaielekeza kwenye taa na kuigeuza kuangalia kama kuna jiwe, ganda au punje iliyosinyaa. Hakukuwa na hata moja.

Alinieleza, akiwa amesimama palepale na watu wakitupita na vitoroli, jinsi ufuta unavyovunwa, jambo ambalo kwa aibu yangu sikuwa nimepata kulisikia kwa urefu. Vitumba havikomai kwa siku moja. Vya chini hupasuka wakati vya juu bado vibichi, na ukichelewa siku chache mavuno yako yanamwagika ardhini. Kwa hiyo unakata mashina mapema, unayafunga matita, unayasimamisha yakaukie, kisha unayabinua na kuyakung'uta juu ya turubai. Asiye na turubai hukung'utia chini, na mchanga unaingia. Mchanga ukiingia bei inashuka, na hapo wanunuzi wa kangomba, yaani wa magendo, wanaopita vijijini na vibakuli vyao huwa wa kwanza kukuonea huruma. Asiyewauzia hupeleka magunia kwenye chama cha msingi, yanapimwa na kuingia ghala kuu kwa mfumo wa stakabadhi, na kampuni hushindana kwenye mnada. Kuanzia hapo mkulima haujui tena. "Mimi ufuta wangu naujua hadi kwenye mizani," alisema Mjomba. "Baada ya mizani ni kama mtoto aliyekwenda mjini asiandike barua."

Pakiti ile ilikuwa na uzito usiofika gramu 100 na ilizidi dola 3. Mjomba akaniomba simu, akakokotoa: kilo moja inavuka dola 30. Katika minada ya misimu ya karibuni kilo ya ufuta wa kusini imepata kuvuka shilingi 3,000, ambazo hata ukizihesabu kwa ukarimu ni dola moja na senti kadhaa. Nilitegemea akasirike, na hasira hiyo ningeielewa, maana tumezoea kuandika makala za aina hii kwa kuishia kwenye neno unyonyaji. Yeye aliendelea kuitazama pakiti kwa jicho la mtu wa biashara. Kati ya ghala la Lindi na rafu ya Illinois kuna watu waliouchekecha ufuta huo mara nyingi, wakauosha, wakautenga kwa rangi, wakaukaanga kwa joto la kiwango kimoja, wakaufungia katika mfuko wenye zipu ili mlaji achukue kijiko kimoja na kuufunga tena usipoteze harufu. Kuna pia waliopima kemikali, kwa kuwa tangu Mei 2006 Japani huweka kikomo cha mabaki ya viuatilifu kwenye kila chakula, na kwa dawa isiyowekewa kikomo chake maalumu kipimo ni miligramu 0.01 kwa kilo, kiasi ambacho mkulima aliyenyunyizia shamba la jirani la mikorosho anaweza kukivuka bila kujua. Wote hao wanalipwa kutokana na zile dola 30, pamoja na meli, kodi ya jengo na mshahara wa binti wa kaunta.

Bado sidhani kwamba hesabu hiyo inaondoa malalamiko yote. Karatasi nyeupe ya nyuma ya pakiti ilisema ni bidhaa ya Japani, na chini yake, kwa herufi nzito, ilionya kwamba pakiti ya ufuta ina ufuta. Mahali ulipolimwa hapakutajwa.

Kahawa ilipata bahati ya ajabu zaidi. Rafu mbili mbele tulikuta pakiti ambayo mfanyakazi mmoja alitusomea maandishi yake: Kirimanjaro. Kwa kanuni za Kijapani za kutangaza kahawa, arabika yoyote iliyolimwa Tanzania inaruhusiwa kuitwa Kilimanjaro, isipokuwa ile ya Bukoba. Na mchanganyiko unaoitwa kwa jina hilo unatakiwa kuwa na asilimia 30 tu ya kahawa hiyo. Mkulima wa Mbinga au Mbozi, aliye mamia ya kilomita kutoka mlima wenyewe, kahawa yake hunywewa Tokyo kwa jina la theluji asiyoiona. "Kumbe watu wa Mbinga wamehamishiwa Moshi," alisema Mjomba, "na hawajalipwa hata posho ya uhamisho." Lakini jina lipo, na mnywaji wa Kijapani analiomba kwa kulitaja. Ufuta wa Ruangwa hauna mlima wa kuusimamia. Huingia Japani ukiwa ufuta tu, unachanganywa na wa nchi nyingine, na kuanzia hapo ladha yake inakuwa mali ya aliyeukaanga, kwa sababu yeye ndiye aliyejua kwamba mlaji anautaka uvunjike menoni bila kuwa mchungu.

Ofisa biashara yeyote wa kwetu akisikia haya atajibu kwamba tunahitaji viwanda, na hatakosea, ila neno hilo limekuwa jepesi mno mdomoni. Mashine za kukaangia zinanunulika. Ninachoogopa ni kwamba tutazinunua kabla hatujajua nani atakula. Waliokaa mezani kulijadili tatizo la mwani hawakuanza na mashine. Walianza na mtu aliyekerwa na tonge lililolowa saa sita mchana, na mtu huyo walikuwa wakikutana naye kila siku kwenye treni. Kati ya mnada wa Lindi na rafu ile hakuna hata mmoja wetu ambaye kazi yake ni kukutana na mlaji.

Tulinunua vibua wanne wenye vichwa, chumvi, na ile pakiti ya ufuta, ambayo Mjomba alisisitiza kuilipia kwa fedha yake mwenyewe. Nyumbani aliula kwa siku kumi, kijiko kimoja juu ya wali kila jioni, akifunga zipu na kuifungua zaidi ya ilivyohitajika. Ulipokwisha aliuosha mfuko, akauning'iniza kwenye bomba la jikoni ukauke, kisha akaukunja na kuuweka kwenye bahasha ya pasipoti yake, apate kuuonyesha kwenye chama. Nilimwambia nitamnunulia pakiti nyingine iliyojaa aende nayo. Akasema ufuta anao, magunia kumi na moja, yako ghalani yanasubiri mnada.